Mficha Maradhi: Nani Aliyemfundisha Kuficha?

Wahenga walituachia neno ambalo kila mtoto wa pwani hulisikia kabla hajajua kufunga kikoi: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelisikia kwa mama yangu, nimelisikia kwa mwalimu wangu wa chuoni, na mimi mwenyewe nimelitumia mara nyingi kuwahimiza wasomaji waende hospitali mapema. Ni neno la kweli. Lakini nimekuja kujua uzeeni kwamba neno hilo lina nusu ya pili ambayo hatuitamki. Anayeficha maradhi yake, kuna mtu aliyemfundisha kuyaficha. Na katika kisa nitakachokisimulia leo, mmoja wa walimu hao nilikuwa mimi.

Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni katika vichochoro vya Shela hapa Malindi, ni mwanamke mwenye mwili. Hivyo ndivyo tusemavyo tukitaka kusema kwa adabu: "ana mwili," kana kwamba sisi wengine tunatembea bila miili. Alikuwa hivyo tangu usichana wake, kama alivyokuwa mama yetu, na kama alivyokuwa mamaye mama. Mahamri yake yanajulikana mtaa mzima, na sauti yake akisoma maulidi ya kina mama husikika nyumba ya tatu.

Siku moja alianza kulalamika kwamba akila matonge matatu tumbo limejaa, na akilala chali anakosa pumzi. Akaenda zahanati moja katika ukanda wetu huu. Sitaitaja jina, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu. Alipimwa uzito mbele ya benchi la wagonjwa, na kilo zake zikasomwa kwa sauti kama anayeadhini. Kijana mmoja kwenye benchi akaguna. Kitambaa cha kupimia presha kilikuwa kifupi kwa mkono wake. Kikafungwa kwa nguvu, kikafumuka, kikafungwa tena, na mashine ikasema presha iko juu. Akaingia kwa daktari. Daktari akaitazama karatasi, akamtazama yeye kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Mama, ugonjwa wako ni huo mwili. Punguza kula, tembea, kisha urudi." Hakumwambia apande kitandani. Hakumgusa tumbo. Mazungumzo yote hayakufika dakika tano.

Hakurudi. Kwa miaka miwili hakurudi. Alipunguza kula kama alivyoambiwa, tena hakuwa na njia nyingine, kwani chakula hakikuwa kikishuka. Uso ukasinyaa, mikono ikalegea, lakini tumbo likazidi kuwa kubwa. Shoga zake wakampongeza harusini: "Mashaallah, bibi, umepungua!" Naye akacheka nao.

Nilipomkuta jioni moja ameegemea mto, anahema kama aliyepanda ngazi, nilikasirika. Nikamwambia, "Dada, mbona huendi hospitali?"

"Nikafanye nini?" akanijibu. "Nikapimwe tena mbele ya watu kama gunia la mbata?"

Mimi, kwa ujuvi wangu, nikaanza kumsomea: mficha maradhi... Hakuniacha nimalize. Akasema, "Ngoja, mdogo wangu. Leo na mimi nikusomee." Akalisoma shairi, beti zote saba, bila kukosa mizani hata moja. Lilikuwa shairi langu.

SHAIRI LA DAU

Nililitunga nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Tulikuwa tumealikwa arusi Takaungu, tukafika mtoni kuvuka kwa dau. Mwenye dau alimwambia dada yangu akae katikati kabisa, asitikisike, na abiria wengine wakaangua kicheko. Dada naye alicheka. Mimi nikarudi nyumbani nikafanya shairi la mwanamke aliyepanda dau, maji yakapanda naye. Lilichapishwa, likasomwa mabarazani, vijana wakaimba kibwagizo chake. Nilipongezwa sana. Sikumtaja dada yangu, na kwa miaka thelathini nilijidanganya kwamba asiyetajwa hajui.

Alijua tangu siku ya kwanza. Alilihifadhi kama alivyohifadhi juzuu ya Amma. "Kila nikipanda matatu," akaniambia, "kila kondakta akisema nilipe viti viwili, hulisikia hilo. Nilipopandishwa kwenye mizani pale zahanati, nililisikia hilo. Sasa wewe waniuliza kwa nini siendi?"

Sikuwa na jibu. Shairi lile sitalirudia hapa, wala msomaji mwenye kulikumbuka simwombi aniandikie.

SIFA NA MWENYE KUSIFIWA

Najua kuna msomaji atakayesema: lakini pwani haijapata kumcheka mnene, kwetu unene ni sifa. Ni kweli, kwa kiasi chake. Mwari wetu alitiwa ndani, akasingwa kwa liwa na manjano, akalishwa supu ya kuku na mayai na maziwa, atoke mbele ya wanawake wenzake amenawiri, shavu limejaa, shingo ina mistari. Katika fungate, siku saba, chakula kilitoka kwao bi arusi asubuhi na jioni. Mzazi alitimiza arubaini yake kwa uji wa pilipili manga na supu, na aliyetoka hali amekonda, watu walimsema mumewe. Hapo ndipo penye siri ya sifa ile. Mwili wa mwanamke ulikuwa ni tangazo la nyumba aliyomo: ukijaa, mume ana uwezo, ukipungua, mume ni mkono wa birika. Yeye mwenyewe, mwenye mwili, hakuulizwa kama magoti yanamuuma.

Na sifa hiyo ilikuwa na upande wa pili wenye makali. Kama mnene alisifiwa, mwembamba alipewa jina. Aliitwa ng'onda, aliitwa kimbaombao. Kisha yakaja maradhi ya UKIMWI, na ulimi wetu ukazidi kuwa mchungu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la The Lancet juu ya maradhi mapya ambayo wenyeji waliyaita "slim," yaani wembamba, kwa jinsi yalivyomdhoofisha mtu. Ikawa tangu hapo, kotekote Afrika Mashariki, mtu akipungua kilo chache watu wananong'ona. Nimewajua wanaume wenye sukari walioogopa kufuata shauri la daktari la kupunguza uzito, wasije wakaambiwa msikitini kwamba wameukwaa.

Kwa hiyo tusijisifu. Kosa letu la zamani na kosa la vijana wa leo, wanaomwita mtu "kibonge" na "tipwatipwa" na kumpiga picha kwa simu akishuka tuktuk, ni kosa moja. Zamani tulisoma mwili tukasema "tajiri." Baadaye tukasoma mwili tukasema "mgonjwa." Sasa tunasoma mwili tunasema "mvivu, mlafi." Mara zote tunasoma, wala hatuulizi.

FUTI YA SPEKE

Hata wageni walipokuja walitukuta tunapimana, nao wakatoa futi zao. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-magharibi ya Tanzania. Katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani wake. Huko Karagwe wanawake wa jamaa ya mfalme walinenepeshwa kwa maziwa, hadi wengine wasiweze kusimama. Speke aliomba ampime mmoja, akampima: mkono, mzunguko wake, futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7. Akayaandika yote hayo katika kitabu chake kilichotoka 1863. Akaandika pia kwamba binti wa mama huyo, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa ameketi akinyonya maziwa katika chungu, na babake amemshikia fimbo asije akaacha kunywa.

Hiyo fimbo itukumbushe kwamba unene wa kulazimishwa haukuwa raha, kama ulivyo wembamba wa kulazimishwa. Na ile futi itukumbushe kwamba mwili wa mwanamke mnene wa Kiafrika umekuwa tamasha tangu siku nyingi. Miaka mia moja na hamsini na kitu baadaye, mwezi wa Februari 2019, naibu waziri wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua mashindano ya urembo ya wanawake wenye miili yaliyoitwa Miss Curvy, akisema watakuwa kivutio cha watalii. Wanawake wa Uganda wengi waliwaka moto: je, sisi ni wanyama wa mbugani? Waandalizi walijibu kwamba wanataka kumpa heshima mwanamke anayechekwa. Mimi nazielewa pande zote mbili. Lakini heshima inayomtaka mtu kwanza apande jukwaani apimwe, hiyo bado ni ile futi ya Speke, imetiwa rangi tu.

Huko Marekani walianza kwa njia nyingine. Mwaka 1969 watu wanene na jamaa zao waliunda chama, kijulikanacho kwa herufi NAAFA, kudai wasibaguliwe kazini, madukani na hospitalini. Hawakuomba kusifiwa. Waliomba kiti, nguo, na kutibiwa. Si yote yasemwayo katika harakati hizo yatakayotufaa sisi, lakini madai hayo matatu hayana ugeni wowote. Dada yangu hajapata kuvisikia vyama hivyo, naye anadai yayo hayo.

NAMBA ZA BAIBUI

Tuanze na nguo. Kanga haina namba. Doti moja, vipande viwili, anajifunga mwembamba na anajifunga mnene, na jina lililoandikwa chini linasomeka kwa wote. Bui-bui la zamani, lile la kujitupia, halikumwuliza mtu kiuno chake. Jirani zetu Wagiriama nao wana hando, vazi la marinda tele linalojaza nyonga, kiasi kwamba mwembamba naye huonekana ana umbo. Nguo zetu za asili zilimfuata mtu. Mtu hakulazimika kuifuata nguo.

Leo mabaibui yanakuja yameshonwa tayari kutoka Dubai, na yana namba: 52, 54, 56, 58, 60. Wengi hudhani namba hizo ni za unene. Sivyo. Ni urefu kwa inchi, kutoka begani hadi chini. Dada yangu si mrefu. Urefu wake ni 54. Lakini 54 haimpiti kifuani, hivyo hununua 60, humpelekea fundi akate inchi sita za chini, na nakshi za pindo, ambazo ndizo alizolipia, huanguka sakafuni. "Nalipa nguo nzima," husema, "navaa nguo bila pambo." Fundi wake mmoja, mzee wa hapa Malindi, siku hizi huyatengua mapambo yale kwanza, akakata, kisha akayarudishia. Humtoza kidogo zaidi, wala hasemi neno. Dada humwombea dua kila Ijumaa. Hivyo ndivyo ilivyo rahisi kumtendea mtu wema, na hivyo ndivyo wema huo ulivyo adimu.

MKONO NA KITAMBAA

Sasa nirudi hospitalini, ambako jambo hili si la pambo bali la roho.

Baada ya dada kunisomea shairi langu, nilimwomba radhi, nikamwomba jambo moja tu: twende pamoja, mahali pengine, na nitakaa mlangoni. Ilichukua wiki tatu kukubali. Safari hii alipokewa na daktari wa kike, kijana kuliko binti zangu. Alimwamkia kwanza: "Shikamoo, mama." Akamwuliza, "Tumbo hili lilianza lini?" Alipokiona kitambaa cha presha hakimfikii, alimtuma mtu wodini alete kipana. Kwa kitambaa kile kipana, presha iliteremka sana kuliko ile iliyoandikwa miaka miwili nyuma.

Hilo lilinishangaza, nikalichunguza. Kumbe ni jambo linalojulikana. Kitambaa kikiwa kidogo kuliko mkono, mashine husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima watu 195 kwa vitambaa vya ukubwa mbalimbali. Wale waliohitaji kitambaa kikubwa kabisa, walipofungwa cha kawaida, presha yao ya juu ilisomeka imezidi kwa karibu milimita 20 za zebaki. Hizo ni za kutosha kumpa mtu dawa asiyoihitaji. Na tatizo lote ni kitambaa.

Kisha daktari yule akafanya lile ambalo halikufanywa mara ya kwanza. Alimlaza dada yangu kitandani, akamwekea mkono tumboni. Nikiwa mlangoni niliona uso wake ukibadilika. Akampeleka kupigwa picha ya tumbo, na picha ikaonyesha uvimbe katika kifuko cha mayai ya uzazi, umejaa maji, ukubwa wake kama tikiti. Alipasuliwa Mombasa. Alhamdulillahi haukuwa saratani, lakini yule bingwa aliyempasua alituambia kwamba hakuna aliyejua hivyo kabla ya kuukata na kuupima, na kwamba miaka miwili ni mingi kucheza bahati nasibu. Tena alikutwa na sukari, ya kweli, ambayo nayo ilikuwa imekaa bila dawa. Maradhi mawili yalikuwa yamefunikwa na neno moja: punguza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi unene hauna madhara. Sukari na presha na maumivu ya magoti yanaujua mlango wa mnene, na daktari asiyesema hivyo anamficha mgonjwa wake jambo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya walio baina ya miaka 15 na 49, 33 uzito wao umezidi kipimo. Mafuta ya kukaangia yamejaa kila kibanda, soda imefika hadi Ganze, na kazi za mguu zimegeuka kazi za pikipiki. Haya ni mambo ya kweli yanayotaka dawa ya kweli.

Lakini kipimo chenyewe tukijue. Ile hesabu ya kugawa kilo za mtu kwa urefu wake mara mbili ilianzia kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, wala hakuwa tabibu. Alikuwa akimtafuta mtu wa kadiri, hakuwa akitafuta mgonjwa. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliipa jina lake la leo. Inafaa kwa kuhesabu umma wa watu. Kwa mtu mmoja mmoja ni dalili tu, kwa sababu haijui kutofautisha mafuta na misuli, wala tikiti tumboni mwa dada yangu.

Na lile la kusema mnene amejitakia, nalo lina majibu. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walitoa uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuatana na wa wazazi waliowazaa. Haukufuatana na wa wazazi waliowalisha. Chakula kina sehemu yake, lakini damu inayo kubwa. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la Nature Medicine kwamba kumwaibisha mnene hakumpunguzi. Humfukuza tu asitibiwe. Mimi sikuhitaji jarida. Nilikuwa nimeyaona ukumbini kwetu.

Tena tazama ajabu ya kaunti yetu hii ya Kilifi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa wamedumaa, idadi kubwa kuliko kaunti zote za Kenya. Wahudumu wa afya hupita vijijini na utepe wa rangi tatu wanaoufunga mkono wa mtoto. Ukipungua sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto hukimbizwa kutibiwa. Sijamsikia mhudumu akimwambia mtoto yule, "Umejitakia." Utepe ule huitwa kipimo, na baada ya kipimo huja msaada. Kwa nini basi mizani ya mtu mzima iwe hukumu, na baada ya hukumu mlango?

BIBI SAUDA NA NJIA YA MUZDALIFA

Hapa nakumbuka niliyosomeshwa nikiwa nimekaa juu ya jamvi, ambayo niliyahifadhi bila kuyafikiri. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, Bibi Sauda binti Zam'a, mkewe Mtume swalla-llahu alayhi wa sallam, alikuwa mwanamke mzito, mwenye mwendo wa taratibu. Alihofia msongamano wa watu asubuhi. Akamwomba Mtume ruhusa atangulie usiku, kabla ya umati. Mtume alimruhusu. Bibi Aisha, aliyeipokea habari hii, alisema angalitamani naye angaliomba ruhusa ile.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Hakuambiwa apunguze kwanza ndipo ahiji. Hakuambiwa avumilie. Alipewa njia. Na aliyekuja baadaye mwenye mwili mwepesi akaona njia ile ingalimfaa hata yeye.

Kuna na habari ya Abdullahi bin Masuud, aliyekuwa kinyume chake. Alipanda mti kukata msuwaki, upepo ukafunua miundi yake myembamba, na masahaba wakacheka. Mtume aliwaambia kwamba miundi ile, Siku ya Kiyama, ni mizito mizanini kuliko jabali la Uhud. Mnene akapewa njia, mwembamba akatetewa. Na sote tunaijua aya ya 11 ya Sura ya Hujurat, inayowakataza wanaume kuwadharau wanaume, na wanawake kuwadharau wanawake, na wote kupeana majina mabaya. Mimi niliisoma aya ile kwa tajwidi kabla sijabaleghe, kisha nikaenda nikatunga shairi la dau.

Kwa hivyo sina mahubiri marefu kwa madaktari wetu, maana wengi wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Nina maombi madogo. Mizani iwekwe nyuma ya pazia, na kilo zisisomwe kwa sauti. Kitambaa kipana cha presha kiwepo, na kiti kisicho na mikono ya pembeni. Na kabla ya kumwambia mtu apunguze, aguswe pale anaposema panauma. Kwa sisi wengine wa mabarazani, ombi ni jepesi zaidi: tukikutana na mtu baada ya siku nyingi, tumwulize hali yake kabla ya kumwambia hali ya mwili wake.

Dada yangu hajambo. Bado ana mwili, anameza vidonge vyake vya sukari, na kila baada ya swala ya Alfajiri hutembea hadi pwani na kurudi, kwa sababu anapenda upepo. Wiki iliyopita alinitumia sahani ya mahamri na ujumbe kwa mjukuu wake: "Mwambie malenga, deni langu la shairi halijalipwa." Nimelilipa kwa ubeti mmoja. Najua haufuti beti saba, lakini ameniambia ataanza kuuhifadhi.

Usimpime kwa macho, ukenda kumsumbua,
Moyoni alicho nacho, ni Mola anokijua,
Mpe kiti atakacho, naye apate kutua,
Kesho kupimwa ni kicho, si mwili uliokua.